Mtu wa Kujitolea Anapogombea Udiwani: Sheria Inataka Nini, na Kazi Inabadilikaje

Kila kata ina watu wake wa kujitolea. Yupo anayewahimiza majirani kuzibua mifereji inayoingia Mto Mirongo kabla ya mvua za vuli, yupo mhudumu wa afya ya jamii anayepanda vilima vya Mabatini na Igogo nyumba kwa nyumba, na yupo mjumbe wa kikundi cha usimamizi wa mwalo anayeamka alfajiri kukagua nyavu. Siku mmoja wao anapotangaza nia ya kugombea udiwani, wakazi hukabiliwa na maswali mawili. Je, sheria inamruhusu? Na je, kazi anayoiomba inafanana na ile anayoifanya sasa?

Swali la kwanza lina jibu fupi. Uchaguzi wa madiwani hufanyika kila baada ya miaka mitano, pamoja na ule wa Rais na Wabunge. Wa mwisho ulikuwa tarehe 29 Oktoba 2025. Kiti kikiwa wazi kabla ya muda huo, huitishwa uchaguzi mdogo. Msimamizi ni Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, tofauti na uchaguzi wa wenyeviti wa mitaa na wajumbe wa kamati zao, ambao wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024 chini ya Ofisi ya Rais – TAMISEMI. Mgombea udiwani awe raia wa Tanzania mwenye umri usiopungua miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na njia halali ya kujipatia kipato, na awe mkazi wa eneo la halmashauri husika. Sharti hili la mwisho huwashangaza baadhi ya watu wa Mwanza. Tangu Ilemela ilipojitenga na Jiji mwaka 2012, mtu anayeishi Kiseke na kujitolea kila siku Pamba anaishi katika halmashauri moja na kufanya kazi katika nyingine.

Sharti linalowakwaza wengi zaidi ni la chama. Hakuna mgombea binafsi nchini. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo mahakamani kwa miaka mingi. Mahakama ya Rufani ilimkatalia mwaka 2010, na ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha iliamua mwaka 2013 kwamba haki zake zilikiukwa, sheria haijabadilika. Kwa hiyo mtu aliyejenga jina lake kwa kuhudumia wa vyama vyote hulazimika kuchagua kimoja, kupita katika mchujo wake, na kukubali kwamba baadhi ya waliokuwa wakimpokea mlangoni watamtazama kwa jicho jingine. Hiyo ni gharama halisi, na haifai kumficha mtu anayefikiria kuchukua fomu.

Gharama nyingine ni ya mashaka juu ya nia. Mtu wa kujitolea amezoea kutoa: huchangia rambirambi, hununua mafagio, hulipa nauli ya mgonjwa kwenda Bugando. Zamani sheria iliacha mwanya kwa wagombea kutoa takrima kama desturi ya ukarimu. Mahakama Kuu iliuziba mwanya huo mwaka 2006, kisha ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, inayokataza zawadi, mikopo na ahadi za kumshawishi mpiga kura. Sheria haimkatazi mtu kuwa mwema. Lakini mafagio yaleyale yakigawiwa wiki ya kampeni, tena na watu waliovaa fulana zenye picha yake, ni vigumu kuyaita usafi wa mazingira.

Swali la pili ndilo zito. Mtu wa kujitolea hufanya kazi kwa mikono yake. Diwani hufanya kazi kupitia vikao. Yeye ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo katibu wake ni Afisa Mtendaji wa Kata, na ni mjumbe wa Baraza la Madiwani linalokutana walau mara moja kila baada ya miezi mitatu. Hawezi kumwajiri wala kumfukuza mtumishi, na hawezi kuchota fedha za Halmashauri kwa sababu daraja limebomoka. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba daraja hilo limeibuliwa katika mkutano wa mtaa, likapita kwenye kamati ya kata, likaingia katika bajeti kabla ya Baraza kuipitisha, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Diwani anayekumbuka mfereji mwezi Aprili, maji yakiwa tayari sebuleni, amechelewa karibu mwaka mzima.

Kanda ya Ziwa inao mfano wa kale wa hatua hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Paul Bomani aliwakusanya wakulima wa pamba waliolalamikia mizani ya wanunuzi. Asingeweza kusimama kando ya kila mzani. Alichokisimamia ni kuundwa kwa vyama vya ushirika vyenye taratibu na hesabu zake, na baadaye akawa waziri.

Lipo pia suala la maslahi. Baadhi ya vikundi vya kujitolea hukusanya taka kwa makubaliano na Halmashauri, na vingine hukopa kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kiongozi wa kikundi cha aina hiyo akiwa diwani, jambo linalogusa mfuko wake likifika mezani anapaswa kutangaza maslahi yake na kutoshiriki kuliamua. Wakazi wanaweza kulifuatilia hilo wenyewe, kwani mikutano ya Baraza iko wazi kwa wananchi.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kikundi kinachoachwa nyuma. Mara nyingi mtu mmoja ndiye mwenye ufunguo wa stoo, daftari la michango na namba za simu za watu wote. Anayekusudia kugombea afanye makabidhiano kwa maandishi mapema, mbele ya mwenyekiti wa mtaa: toroli ngapi, makoleo mangapi, fedha kiasi gani, na nani atapiga filimbi ya usafi Jumamosi ijayo.