Barossa: kuonja ruksa, kukanyaga shamba hapana

Wadau, kuna bonde linaitwa Barossa, kama saa moja hivi kwa gari kutoka mji wa Adelaide, Australia Kusini. Watu wanatoka mbali kwenda kuonja mvinyo, hasa wa zabibu za Shiraz. Unamiminiwa kidogo, unasukutua, unatema kwenye ndoo. Kutema siyo ushamba, bwana! Dereva akikutwa na alkoholi asilimia 0.05 kwenye damu, kwisha habari yake.

Misosi nayo ipo. Walowezi wa Kijerumani walifika 1842, ndiyo maana soseji za moshi na mikate ya kwao bado vinauzwa. Jumamosi asubuhi soko la wakulima liko Angaston.

Ila usijipenyeze kwenye mizabibu eti unapiga picha. Kuna kadudu kanaitwa filoksera, kanashambulia mizizi. Karne ya 19 kaliteketeza mashamba Ulaya, kakaingia mpaka Victoria, jimbo la jirani. Australia Kusini wamefanikiwa kukazuia, ndiyo maana Barossa kuna mizabibu ya 1843 inayozaa mpaka leo. Na kadudu kenyewe kanaweza kusafiri na tope la kiatu tu! Kama ulipitia mashamba ya Victoria, mwambie mwenyeji wako kabla hujaingia.