Je, Mkurungu Unapungua? Elimu ya Takwimu katika Misitu ya Kigoma

Fundi seremala wa Ujiji akikuambia kwamba mbao za mkurungu zimeadimika kuliko zamani, hapana shaka asema aliloliona. Lakini uhaba wa mbao sokoni si lazima uwe uhaba wa miti msituni. Huenda bei imepanda, huenda njia imeharibika, au huenda vibali vimekuwa vigumu kupatikana. Atakaye kujua kama mti wenyewe unapungua hana budi kuuliza msitu, nao msitu humjibu yule tu ajuaye namna ya kuuhesabu.

Swali hili si la wataalamu peke yao. Mji wa Ujiji u kando ya Ziwa Tanganyika, na nyuma yake, kuelekea Uvinza na vilima vya Masito, imetanda misitu ya miombo. Humo huota mninga na ndugu yake mkurungu, ambao kwa majina ya kitaalamu huitwa Pterocarpus angolensis na Pterocarpus tinctorius. Mwaka 2019 mkurungu uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, yaani mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ambao Tanzania ni mwanachama wake tangu 1979. Mwaka 2022 iliamuliwa kwamba spishi zote za Pterocarpus za Afrika ziingizwe pia. Kwa mujibu wa mkataba huo, kibali cha kuuza mbao hizo nje hakitolewi mpaka wanasayansi wa nchi waridhike kwamba uvunaji hautahatarisha uhai wa mti porini.

Kuridhika huko ni jambo la hesabu, na hesabu yaweza kukosea kwa namna mbili. Yaweza kusema mti unapungua ilhali haupungui, na mwanakijiji akazuiwa kuvuna mali yake bila sababu. Au yaweza kusema hali ni shwari ilhali mti unakwisha, na kosa hilo likagunduliwa wakati mbegu zenyewe hazipo tena. Kazi ya mwanatakwimu ni kupunguza makosa yote mawili, na kusema waziwazi ni kiasi gani yamebaki.

Hakuna awezaye kuhesabu kila mti. Tathmini ya Taifa ya Rasilimali za Misitu, NAFORMA, iliyoanza mwaka 2009, ilikadiria kwamba nchi yetu ina misitu ya hekta milioni 48.1 hivi. Makadirio hayo yalitokana na sampuli. Mpishi huonja chumvi ya mchuzi kwa kijiko kimoja, lakini hukoroga kwanza. Msitu haukorogeki, kwa hiyo vituo vya kupimia huchaguliwa kwa kura au kwa utaratibu maalumu, wala si kwa kufuata barabara. Tena, mwaka 1934 mwanahisabati Jerzy Neyman alionyesha kwamba ni faida kugawa eneo katika matabaka, kama vile miombo, misitu ya mabondeni na mashamba, kisha kuongeza vituo mahali penye tofauti nyingi. NAFORMA ilifuata njia ya namna hiyo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Vituo 25 vimepimwa, na wastani ni mikurungu 6, mikubwa kwa midogo, katika kila kituo. Lakini miti haikuenea sawasawa: kituo kimoja kina 35, vingi havina hata mmoja. Kipimo cha mtawanyiko huo, kiitwacho mkengeuko sanifu, tuseme ni 10. Tukigawanya 10 kwa kipeuo cha pili cha 25, ambacho ni 5, twapata 2, yaani kosa sanifu la wastani wetu. Maana yake ni kwamba wastani wa kweli waweza kuwa popote kati ya 2 na 10 hivi. Baada ya miaka mitano tukipima vituo 25 vingine na kupata wastani wa 5, hatuna haki ya kupiga mbiu kwamba mkurungu umepungua. Na tukitaka kupunguza kosa hilo kwa nusu tu, itatupasa kupima vituo 100.

Ipo njia nafuu zaidi, nayo ni kurudi katika vituo vilevile. Hapo kila kituo hulinganishwa na nafsi yake, na tofauti kubwa kati ya bonde na kilima hazituhangaishi tena. Ikiwa mkengeuko sanifu wa mabadiliko hayo ni 2 tu, kosa sanifu litakuwa 0.4, na upungufu wa mti mmoja kwa kila kituo utaonekana bila utata. Vituo ni 25 vilevile, lakini jibu sasa limepatikana. Ndiyo maana vituo vya kudumu vina thamani kubwa, mradi alama zake zisionekane kwa urahisi, watu wasije wakavitunza au kuvivuna kuliko msitu uliobaki.

Hata hivyo, mti usiokimbia nao huweza kukosekana machoni, hasa mche mdogo katika nyasi. Hapa twasaidiwa na elimu ya uvuvi. Mwaka 1896 mtaalamu wa Denmark, C. G. J. Petersen, alieleza kazi yake ya kuwatia alama samaki, na kutokana nayo ilipatikana njia ya kukadiria wasioonekana. Wapimaji wawili wapite kituo kimoja bila kuambiana. Wa kwanza akiona miche 40, wa pili 30, na 24 kati yake ikawa imeonwa na wote wawili, basi idadi ya kweli hukadiriwa kuwa 40 mara 30, gawanya kwa 24, yaani 50. Kwa pamoja wameona 46. Minne imewapita wote.

Kwa mninga jambo hili ni zito zaidi. Mche wake hufa sehemu ya juu ya ardhi kila kiangazi kwa miaka mingi, huku mzizi ukinenepa chini, mpaka upate nguvu ya kutoa shina litakaloshinda moto. Apimaye mwezi wa Agosti aweza kuripoti kwamba mninga hauna watoto, kumbe wamelala ardhini. Kinyume chake, msitu wenye miti mikubwa mingi usio na ya makamo huonekana tajiri, hali umebakiwa na kizazi kimoja tu. Kwa hiyo kila kundi la umri lihesabiwe peke yake, na katika msimu uleule.

Kazi hii haihitaji mitambo ya ajabu. Picha za setilaiti hutuonyesha ukubwa wa msitu uliofyekwa, lakini katika picha za kawaida, ambazo kila doa lake lina upande wa mita 30, mkurungu hautambulikani katikati ya miti mingine. Utepe wa kupimia, daftari, na vijana wa kijiji waijuao miti kwa majina bado vyahitajika. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imevipa vijiji uwezo wa kuwa na misitu yao ya hifadhi. Kijiji kitakachopima vituo vyake kila baada ya miaka michache, kwa utaratibu uleule, kitakuwa na hoja yake mkononi siku kitakapoulizwa kama kivune au kingoje.