Je, Wajua? Risasi Zilizopita Katikati ya Rafadha

Je, wajua kwamba marubani wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia walifyatua risasi kupitia rafadha inayozunguka bila kuyavunja mapanga yake?

Mapema mwaka 1915, Mfaransa Roland Garros alifunga vipande vya chuma kwenye rafadha ya ndege yake ili vikinge risasi zitakazoigonga. Aprili 18 alilazimika kutua upande wa Wajerumani, akatekwa.

Kiwanda cha Mholanzi Anthony Fokker, kilichokuwa Ujerumani, kikaja na njia bora zaidi. Injini ilizungusha kisahani chenye kinundu. Kinundu kikasukuma fimbo iliyofyatua bunduki ya rashasha pale tu ambapo hapakuwa na panga mbele ya mtutu. Rubani sasa alilenga shabaha kwa kuielekeza ndege yenyewe.

Kuanzia Julai 1915, ndege za Fokker Eindecker zilitamba angani kwa miezi kadhaa. Mwaka 1917 Waingereza walianza kutumia mtambo wa Mromania George Constantinesco, uliopitisha msukumo ndani ya mafuta badala ya fimbo.

Garros alitoroka kifungoni, akarudi vitani na kuuawa Oktoba 5, 1918. Uwanja maarufu wa tenisi jijini Paris una jina lake.