ADUI NDANI YA EMBE

Nani kati yenu hajawahi kulimega embe zuri, limeiva, linanukia, kisha akakuta funza weupe wakifurukuta ndani? Rafiki yangu mmoja bwenini hula maembe taa zikiisha kuzimwa, eti asichokiona hakimdhuru!

Kwetu Makueni jambo hili si mzaha. Maembe ndiyo karo yangu. Msimu uliopita dalali alikuja na lori, akapasua maembe matano, matatu yakawa na funza. Aliwasha gari akaenda zake bila hata kuonja chai. Babu aliingia ghalani akatoka na shoka. Alikuwa amenyunyiza dawa mara nne na deni la dukani bado. Nilimsihi, “Babu, nipe msimu mmoja tu.” Hakunijibu, lakini aliliweka shoka chini.

Adui mwenyewe ni nzi wa matunda. Asili yake ni Asia, na hapa nchini alionekana mara ya kwanza mwaka wa 2003. Mwaka wa 2005 wataalamu walimwita Bactrocera invadens. Mwaka wa 2015 wakakubaliana kwamba kumbe ni yule yule Bactrocera dorsalis wa Asia. Jina lilibadilika, ulafi haukubadilika. Kwa sababu yake Kenya ilisimamisha kuuza maembe Ulaya mwaka wa 2014, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi 2021.

Sasa, mbona dawa ya Babu ilishindwa? Nzi jike hutoboa ganda la embe na kutaga mayai chini yake. Yakianguliwa, funza hula nyama ya tunda wakiwa wamejificha humo humo. Dawa inalowesha ganda tu, wao wako mezani! Embe likianguka, hutoka, wakajichimbia udongoni sentimita chache, wakageuka pupa, kisha wakatoka nzi kamili. Yale maembe tunayoyaacha chini tukisema “hayo ni ya mbuzi” ndiyo yanayowalea.

Kwa hivyo dawa ya kwanza ni jembe. Okota kila embe lililoanguka, angalau mara mbili kwa wiki, uyafukie futi mbili kwenda chini. Mara ya kwanza mimi nilichimba shibiri moja nikaenda kucheza mpira. Nilikuwa nimepanda nzi, si kuwazika. Zamani watu walishauriwa kuyafunga ndani ya mifuko myeusi ya plastiki na kuyaanika juani, lakini mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka wa 2017, basi ni shimo.

Dawa ya pili ni mtego. Chupa ya plastiki hutobolewa matundu na kutiwa chambo kiitwacho methili yujeno pamoja na sumu kidogo. Harufu yake huwavuta madume tu. Wakipungua, majike hukosa wenzi. Majike nao huvutwa na chambo cha protini, kwa maana wanahitaji protini ili watage.

Halafu kuna marafiki tusiowajua. Wale siafu wekundu wa mitini, maji moto, ambao tulikuwa tukiwachoma kwa sababu wanauma, huwafukuza nzi wasitage. Wataalamu wa icipe, kituo kilichoanzishwa mwaka wa 1970 na kilichoko Kasarani, walileta nyigu mdogo kutoka Hawaii, Fopius arisanus, anayetaga ndani ya mayai ya nzi. Ukinyunyiza dawa ovyo unawaua hawa kwanza. (Ubwiri unga na chule, yale magonjwa ya maua na matunda, yana dawa zake, msiyachanganye na haya.)

Shida iliyobaki ni mpaka. Mwenye shamba la jirani anaishi Nairobi, na maembe yake huozea chini msimu mzima. Nzi haulizi hati ya shamba kabla ya kuruka ua. Babu anaona haya kumwambia, kwa hivyo nimeomba nambari ya simu yake, nami nitampigia siku tutakayofunga shule. Nikikataliwa, nitaomba angalau ruhusa ya kuingia na jembe langu.

Maua yameanza kutoka. Shoka liko nyuma ya mlango wa ghala.