Mwalimu wa Keriko

Wazee wengi wa hapa kwetu Ulaya, wilaya ya Kilosa, husema: "Wanetu wataipataje elimu ya siku hizi, na kompyuta hatuna?" Neno hilo lina ukweli wake, wala silikanushi. Lakini, ndugu msomaji, sikiliza habari ya Keriko, mahali pakavu katika nchi ya Nakuru, Kenya.

Skuli ya huko ilikuwa na kompyuta moja tu, na intaneti yake dhaifu. Wanafunzi 58 kwa mwalimu mmoja. Wengine walikwenda kilomita 7 kwa miguu, na mvua ikinyesha njia haipitiki. Hapo ndipo Peter Tabichi aliposomesha hisabati na fizikia. Yeye ni mtawa wa Kikristo, si mwenzetu katika dini, na mtu hupewa haki yake hata hivyo. Alikuwa akienda mwenyewe kwenye maduka ya intaneti, akapakua masomo, kisha akarudi nayo darasani yakasomwa bila ya mtandao. Katika kila mia ya mshahara wake, 80 aliwapa maskini. Wanafunzi wake wakabuni chombo cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu. Hata mwaka 2019, huko Dubai, akatunukiwa tuzo ya mwalimu bora wa dunia, dola milioni 1.

Mimi nasomesha chuoni kwa ubao na chaki. Kilosa mjini nafika mara nyingi, kwa sukari na haja zangu nyingine, na simu ya kisasa i mfukoni. Sijapata kurudi na somo hata moja.