Kafa Ulaya, Kafufukia Mpanda

Belo la mtumba likikatwa kamba sokoni Mpanda, mikono yote hukimbilia jinzi. Kofia hubaki nyuma. Zinatoka humo zimelala bapa kama chapati, ukingo umekunjwa, utepe umelegea, na muuzaji huzitupa kwenye kona ya turubai pamoja na mikanda na mikoba iliyokufa zipu. Mimi huanzia kona hiyo.

Ya kwanza kuinunua hapa ilikuwa ya felti, kahawia iliyofifia ikakaribia majivu. Nilipofika nyumbani niliigeuza ndani. Mkanda wa ngozi unaogusa paji la uso ulikuwa na namba 7⅛, kipimo cha Kimarekani, ambacho kwa sentimita ni 57. Kando yake kulikuwa na herufi mbili za jina la mtu, zimepigwa muhuri wa rangi ya dhahabu. Sehemu ya mbele ngozi ilikuwa na doa jeusi la jasho la miaka. Jasho hilo sasa tumechangia wawili.

Wazee waliziita nguo hizi kafa ulaya: mwenyewe amefia huko, vazi limekuja kwetu. Ni jina la kejeli, lakini kwa kofia kuukuu kejeli hiyo mara nyingi ni kweli tupu. Wanaume wengi wa Ulaya na Marekani waliziacha kofia za felti kufikia miaka ya 1960. Aliyeendelea kuvaa yake hadi uzeeni aliiacha juu ya kabati, warithi wakaitoa sadaka, nayo ikaingia kwenye belo. Rais Yoweri Museveni alipotangaza mwaka 2023 kwamba anataka kuzuia mitumba Uganda, naye alitoa hoja hiyo hiyo ya nguo za wafu. (Mwenyewe ni nadra kumwona bila kofia yake ya ukingo mpana.)

Kwetu kofia ya namna hii ni pama. Ukilisikiliza neno hilo vizuri utaisikia Panama ndani yake, na hapo pana kichekesho: kofia ya Panama husukwa kwa majani, tena husukwa Ecuador, wala si Panama. Pama ya mtu wa hapa Katavi inaweza kuwa ya majani, ya turubai, ya ngozi au ya felti. Jina limeshika ukingo, likaachana na malighafi.

Felti ni kitu cha ajabu kidogo. Haifumwi wala haisokotwi. Huchukuliwa sufu ya kondoo, au manyoya ya sungura, au ya biva, mnyama wa mito ya Amerika ya Kaskazini aliyewindwa karibu amalizike kwa ajili ya vichwa vya mabwana wa Ulaya. Manyoya hayo hupigwa maji ya moto, mvuke na mkandamizo mpaka magamba madogo ya kila unywele yang'ang'aniane, yasiachiane tena. Ili manyoya ya sungura yashikane haraka, viwandani waliyapaka dawa yenye zebaki, na mafundi wakaivuta hewani mpaka wakatetemeka mikono na kupotewa na akili. Marekani ilikomesha matumizi hayo mwaka 1941. Kwa hiyo ukipata ya zamani sana, ipigie brashi nje, upepo ukiwa mgongoni, na watoto wakae mbali.

Huku kwetu felti iliitangulia pama. Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia Wamisionari wa Afrika, wale White Fathers. Shirika hilo lilianzishwa Algiers mwaka 1868, na vazi lake la asili lilifuata mtindo wa Waarabu wa kaskazini: kanzu nyeupe, joho, rozari shingoni, na chechia, kofia nyekundu isiyo na ukingo, ya sufu iliyokandamizwa. Chechia ni ndugu wa tarbushi, na tarbushi ndiyo waliyoivaa askari wa Keya (King's African Rifles) kwenye gwaride. Kofia ya felti basi ilianza kuonekana ikiwa kichwani pa dini na pa bunduki.

Ukingo mpana ulikuja kuzoeleka kwa Vita vya Pili vya Dunia. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo nembo yake ilikuwa kichwa cha kifaru, ilipigana Burma mwaka 1944, bonde la Kabaw, katikati ya masika ya huko. Katika picha za wakati ule askari wetu wamevaa kofia za felti zenye ukingo mpana, matope hadi magotini. Ukiiona pama kwenye kichwa cha mzee na ukadhani anaiga sinema za makauboi, kumbuka picha hizo kwanza.

Lakini aliyeifanya pama iwe sura ya Katavi ni mfugaji. Kuanzia miaka ya 1970 Wasukuma walishuka na ng'ombe zao kutoka kaskazini, wakafuata malisho mpaka bonde la Rukwa, wakakaa jirani na Wapimbwe na Wakonongo. Siku ya mnada utawatambua kwa mbali: katambuga miguuni, fimbo mabegani, koti hata jua likiwa utosini, na juu ya vyote pama yenye kamba kidevuni. Vijana huongeza manyoya ya ndege, au shanga, au utepe wa rangi inayopiga kelele. Ni kofia ya kazi na ni kofia ya kuonekana, na mwenye nayo hatenganishi mambo hayo mawili.

Nimewahi kujiuliza kwa nini felti, tena Oktoba, wakati hata viboko wa Sitalike wamejibanza kwenye dimbwi moja la matope. Ya majani ina upepo zaidi. Jibu nililipata kwa kutazama tu: pama ya majani ikikaliwa mara moja imekwisha. Ya felti inachanwa na mwiba haifumuki, inanyeshewa haivuji upesi, inakuwa kipepeo cha moto, inabeba mayai, na ikikanyagwa na ndama hunyooshwa kwa ngumi.

Wakusanyaji wa kofia wa Ulaya na Marekani wana mambo yao. Wao husaka majina: Borsalino ya Alessandria, Italia, iliyoanza 1857, na Stetson, aliyeanza Philadelphia 1865. Hufunua ngozi ya ndani kutafuta kikaratasi cha kiwandani, wakisoma mwaka kama daktari anavyosoma picha ya mapafu. Ng'ambo ya ziwa, kwa masapeur wa Kongo, wale watanashati waliomtukuza mwanamuziki Papa Wemba, jina la ndani ya kofia ni nusu ya vazi. Salva Kiir wa Sudan Kusini hatembei bila yake nyeusi, na ya kwanza alipewa na George W. Bush mwaka 2006. Mnadani kwetu hakuna anayegeuza ndani. Muulize mfugaji pama yake ni ya kampuni gani, atakuangalia kana kwamba umemuuliza ng'ombe wake ni wa kampuni gani.

Nami nimeanza kuegemea upande wake, ingawa bado nageuza. Nyingi zinazouzwa mnadani sasa ni mpya, za nyuzi za plastiki, ngumu kama kadibodi. Ya manyoya halisi utaijua kwa kidole: ni laini kama sikio la sungura, na tone la maji hubingirika juu yake kabla ya kuzama. Ukiipata, usiitundike msumarini, maana itaota pembe. Ilaze kichwa chini, ukingo juu. Usiishike kwa bonde la mbele, hapo ndipo hupasuka. Iliyokunjamana ishikilie juu ya mvuke wa birika, kisha uifinyange kwa vidole. Iliyopauka isugue kwa msasa laini kabisa. Ngozi ya ndani ikiachia, fundi viatu ataishona, japo atakucheka. Nondo wanaipenda felti, mende wanapenda ngozi yenye jasho. Mpanda tunao wote.

Somo gumu zaidi lilikuwa la kuivua. Mbele ya mzee unaivua. Kanisani, ofisini, mahakamani unaivua, na msibani unaivua kabla hujafika kwenye turubai. Nilichukua mwaka mzima kujifunza kwamba kuvaa kofia hapa ni kujua wakati wake wa kukaa mkononi.

Msibani huko Makanyagio, siku moja, tulikuwa tumeziweka chini kwenye nyasi, kama kumi na tano hivi, vichwa chini, zote zimekuwa rangi moja ya vumbi. Tulipoinuka kwenda makaburini kila mtu aliinama kutafuta yake. Kijana mmoja akainyanyua ya kwangu, akasoma herufi zile mbili kwa sauti, akauliza ni nani huyo.

Nikaitika.