Bandama na kasi ya farasi
Farasi wa mbio anapotulia zizini, chembe nyekundu huchukua takriban asilimia 35 hadi 40 ya ujazo wa damu yake. Akitimka kwa kasi kamili, kiwango hicho huweza kupindukia asilimia 60. Chembe hizo za ziada hutoka katika bandama, yaani wengu, kiungo kinachohifadhi lita kadhaa za damu nzito. Adrenalini inapomwagika, kiungo hicho hujikaza na kuisukuma damu hiyo mishipani, nayo hubeba oksijeni zaidi hadi kwenye misuli.

Si lazima mnyama akimbie. Woga pekee hutosha. Kwa hiyo daktari wa mifugo akipima damu ya farasi aliyeshtuka, upungufu wa damu waweza kufichika, na mgonjwa akaruhusiwa kushindana.